Wimbo wa Kigiriki wa Kwaya ya Haltom City

Macaire alikuwa na miaka arobaini na tisa alipokutana tena na Kigiriki, na alikutana nacho ghalani, huko Carrollton, akiwa amevaa glavu na mkanda wa kukinga mgongo.

Ghala lenyewe lilikuwa la vitabu vilivyokwisha kutumika. Malori yalivileta kutoka maktaba zilizopunguza rafu na kutoka nyumba za watu waliofariki, vikamwagwa kwenye mkanda unaotembea, vikapita mbele ya Macaire. Kazi yake ilikuwa kuchukua kitabu, kukigeuza mgongo, na kumulika msimbo wa mistari kwa skana. Skana ikilia mara moja, kitabu kilikwenda kuuzwa. Ikilia mara mbili, kilikwenda kusagwa. Kitabu kisicho na msimbo hakikulia kabisa, nacho kilikwenda kusagwa. Kwa zamu moja alishika vitabu zaidi ya elfu mbili, na katika miaka miwili ya kazi ile hakuwahi kusoma hata ukurasa.

Siku ile, mwezi wa Oktoba 2017, kilimfikia kitabu kidogo cha jalada la kahawia, uti wake umefungwa kwa utepe wa gundi. Hakikuwa na msimbo. Macaire alikuwa tayari amenyoosha mkono kukitupa pipani kilipofunguka, akaona herufi. Alizitambua kama mtu anavyomtambua aliyesoma naye darasa moja: jina halikuja, sura ilikuja. Akasimama nacho mkononi. Vitabu kumi na vinne vikampita vikaanguka mwisho wa mkanda, taa nyekundu ikawaka, na mkanda ukasimama.

Msimamizi wake, mama mmoja wa Kimarekani aitwaye Charlotte, akaja kuuliza kama ameumia.

"Hapana," Macaire alisema. "Hiki kitabu ni cha Kigiriki."

Charlotte akakigeuza nyuma. "Hakina msimbo."

"Naomba nikichukue."

"Mfanyakazi haruhusiwi kuchukua kitabu," Charlotte alisema. Akafikiri kidogo. "Lakini kisicho na msimbo hakimo kwenye mfumo. Kisichomo kwenye mfumo hakipo. Siwezi kukukataza kuchukua kitu ambacho hakipo." Akamrudishia, akawasha mkanda, akaenda zake.

Macaire alikuwa amejifunza Kigiriki Burundi, katika seminari ndogo karibu na Gitega, akiwa mmoja wa wavulana kumi na mmoja waliofundishwa na padri mzee aliyeamini kwamba lugha hiyo ingewafaa maishani. Upadri haukuwa, akawa mwalimu wa Kilatini. Miaka miwili tu. Mwaka 1993 alikimbia na viatu vya darasani, akavuka mpaka, akakaa miaka kumi na mitano katika kambi upande wa Kibondo. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, foleni kwa foleni: foleni ya maji, foleni ya mahindi, foleni ya mahojiano. Huko alimwoa Concilie, na huko binti yao alizaliwa. Walipomuuliza Macaire jina la mtoto, alisema Mélissa. Wote wakaona ni jina zuri la Kifaransa. Yeye peke yake alijua kwamba kwa Kigiriki maana yake ni nyuki, na hakuona sababu ya kuwasumbua watu kwa habari hiyo. Mwaka 2008 walipelekwa Texas, wakapewa nyumba ya vyumba viwili Haltom City, na tangu hapo Kigiriki hakikuwa kimeulizwa na mtu yeyote.

Akaanza kusoma wakati wa chakula cha mchana, ndani ya gari, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kikivuma. Nusu saa ilimtosha mistari miwili. Kufikia Krismasi ilimtosha sita. Ndipo alipojua kitabu kinahusu nini: kilikuwa mashairi ya Wagiriki wa kale ya kuwasifu miungu yao, mungu mmoja shairi moja, thelathini na kitu kwa jumla. Mengine marefu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu, mengine mafupi kama sala ya kabla ya kula. Mshairi alianza kwa kumtaja mungu, akasema alizaliwa wapi na nani, akasimulia aliyoyafanya, hata ya aibu, kisha mwishoni akamuaga kwa adabu na kuomba kitu kimoja kidogo. Mara nyingi aliomba tu wimbo wake upendeze kuliko wa mwenzake.

Jambo hilo lilimgusa Macaire. Katika jumuiya yao ndogo ndogo, sala zilianza na maombi na kumalizika na maombi, na katikati watu walitaja namba ya faili la uhamiaji ili Mungu asichanganye.

Akaanza kuyatafsiri katika daftari la Mélissa la mwaka uliopita. Alijaribu Kirundi kwanza, akakwama kwenye neno la kwanza. Kwa Kirundi Mungu ni mmoja, na wengine wote wana neno moja tu linalomaanisha sanamu. Alipoliandika alihisi mama yake, aliyekufa mwaka ule ule wa 1993, anamtazama. Kifaransa kilimkumbusha mitihani. Kiswahili kilikuwa na "miungu", kwa wingi, herufi ndogo, bila kelele. Akaendelea na Kiswahili.

Jioni alimsomea Concilie, naye akiwa anachambua maharagwe. Concilie alisafisha vyumba kumi na sita kwa siku katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, na alisikiliza habari za miungu kama alivyosikiliza habari za wageni wa hoteli.

"Huyo mkubwa wao," aliuliza, "amezaa nje na wangapi?"

"Hawajahesabiwa wote."

"Na mkewe anajua?"

"Anajua. Ndiyo sababu ya nusu ya mashairi."

Concilie akatupa jiwe dogo kwenye sinia. "Hao siyo miungu, Baba Mélissa. Hao ni watu wenye nguvu."

Aliyempenda ni mmoja tu. Alikuwa mungu wa kike wa moto wa nyumbani, dada mkubwa wa yule mkubwa wao. Walimposa wawili, akawakataa wote, akaapa kubaki bikira, akaomba apewe mahali katikati ya nyumba. Hakupigana vita, hakumgeuza mtu mti, hakuiba. Kila karamu ilianza na kumalizika kwa kumtolea yeye. Shairi lake lilikuwa fupi kwa sababu hakukuwa na la kusimulia.

"Huyo ana akili," Concilie alisema. "Mwandike vizuri."

Macaire akamwandika vizuri. Ilimchukua wiki tatu. Taabu ilikuwa jina, kwa kuwa jina la mungu huyo kwa Kigiriki ni neno lile lile la mahali pa kupikia. Aliandika "Meko", akakumbuka kwamba kwa Watanzania wa siku hizi meko ni jiko la gesi, akalifuta. Akaandika "Mlinzi wa Moto". Mahali pengine palikuwa pagumu zaidi, na pale alipokwama alijaza kwa maneno yake, jambo ambalo padri wake wa zamani angemchapa kwalo. Mwisho alipata mistari kumi na miwili, minne ya kwanza ikisema hivi:

Bikira uliyebaki ndani wengine walipotoka,
Mlinzi wa Moto usalimiwaye kabla ya mgeni,
nyumba isiyokujua ni kuta na paa tu;
sogea, tukae nawe, tuote sote.

Akainakili kwenye karatasi safi, Concilie akaibandika kwenye friji kwa sumaku ya tangazo la pizza.

Hapo ndipo Flaviana alipoiona.

Flaviana alikuwa nesi, Mhaya wa Muleba, akiishi Carrollton. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya misa ya Kiswahili iliyosomwa Haltom City kila Jumapili ya pili ya mwezi, na Jumamosi alipitia kwao kumchukua Concilie kwenda mazoezi. Jumamosi ile ya Aprili 2018 Concilie alikuwa bado anavaa. Flaviana akasimama mbele ya friji akasoma. Akasoma tena. Akatoa kitambaa mkobani akajifuta macho.

"Mzee Macaire, hii umetunga wewe?"

"Hapana, dada. Nimetafsiri."

"Kutoka Kirundi?"

"Kutoka Kigiriki."

"Ahaa," Flaviana alisema, "Kigiriki cha Biblia."

Macaire alifungua mdomo. Aliwahi kusema baadaye, na hakuna sababu ya kutomwamini, kwamba alikuwa amekwisha kupata sentensi yote kichwani. Lakini simu ya Flaviana ililia, ilikuwa hospitali, na alipomaliza kuzungumza na hospitali alikuwa ameshapiga picha ile karatasi na Concilie ameshafika na viatu mkononi. Wakaondoka.

Jumapili ya tarehe kumi na tatu Mei ilikuwa siku ya mama kwa Wamarekani, na mwezi wa Bikira Maria kwa Wakatoliki wote. Kanisa lilijaa. Macaire alikaa benchi la tano, upande wa ukutani, mahali pake. Baada ya komunyo kwaya ikasimama, Flaviana akainua mkono, na sauti ya kwanza ikaanza peke yake: Bikira uliyebaki ndani wengine walipotoka.

Macaire aliyatambua maneno yake. Sauti ya pili ikaingia, kisha wanaume wakaingia chini kabisa. Flaviana alikuwa ameitungia lahani ya taratibu, ikipanda kidogo kila mstari na kurudi, kama mtu anayepuliza makaa. Walipofika "sogea, tukae nawe", walirudia mara tatu, na wazee wawili mbele ya Macaire wakavua miwani. Padri Modestus alikuwa amekaa kwenye kiti chake amefumba macho, mikono magotini.

Macaire naye alilia. Alilia kwa hofu, kisha kwa sababu nyingine ambayo hakuijua vizuri. Kwa hesabu yake, yule mama wa moto hakuwa ameimbiwa na kusanyiko kwa karne zipatazo kumi na sita, na alipoimbiwa ilikuwa Haltom City, kwa Kiswahili, na watu waliokuwa wakimwita kwa jina la mtu mwingine. Mwisho wa misa Flaviana alimwinua asimame. Watu wakapiga makofi. Akainama.

"Ungesema," Concilie alimwambia garini, yeye aliyeufanyia mazoezi wiki zote hizo akidhani mumewe anajua.

"Ningesema nini?"

"Hata mimi sijui," alisema Concilie. "Bikira ni bikira." Lakini hakuonekana kuridhika na hilo, akawasha redio.

Wimbo ukapendwa, wakaurudia Juni, na Julai, na kila mwezi. Mtu akaurekodi kwa simu, ukaenda kwenye makundi ya WhatsApp, ukafika Houston, ukarudi Dallas kwa mtu ambaye alimtumia Macaire akimwambia asikilize, ni mzuri sana. Kwenye msiba mmoja Fort Worth waliuimba kaburini. Macaire alihudhuria misa zote. Kila mara aliahidi kusema mwezi unaofuata, kwa sababu mwezi huu kulikuwa na ubatizo, au Krismasi, au wageni.

Kilichommaliza ni fomu. Aprili 2019 ilikuja barua pepe kutoka Houston, ya bwana mmoja aitwaye Émile, katibu wa kusanyiko la Wakatoliki wazungumzao Kiswahili ambalo lingefanyika huko Julai. Wimbo wa Haltom City ulichaguliwa kufungua misa kuu, na ungechapwa kitabuni. Émile alikuwa mtu wa utaratibu. Aliambatanisha fomu yenye nafasi tano: jina la wimbo, mtunzi wa sauti, mtunzi wa maneno, lugha ya asili, na ya tano, kitabu, sura na aya.

Nne za kwanza Macaire alizijaza kwa kweli yote. Ya tano aliitazama siku tatu. Mélissa, aliyekuwa akisomea uuguzi na ambaye hakuwa na subira na karatasi, alimshauri aandike "N/A", yaani haihusiki, halafu alale. Siku ya nne aliendesha gari hadi Dallas kumtafuta Padri Modestus.

Padri Modestus alikuwa Mchaga wa Rombo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Siku za wiki alihudumia wagonjwa katika hospitali moja mjini, na walikutana katika mkahawa wa hospitali hiyo, padri akiwa na chai na Macaire akiwa na kile kitabu cha kahawia ndani ya mfuko wa nailoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Kaa, mzee wangu. Ni ungamo au ni mazungumzo?"

"Sijui, Padri. Nitaanza, wewe utaniambia."

Akaeleza kuanzia mkanda wa ghalani. Padri alisikiliza bila kumkatiza. Macaire alipofika kwenye jina la mungu mwenyewe, padri aliweka kikombe mezani.

"Huyu mama alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Ndiyo maana shairi lake ni fupi."

"Aliabudiwaje?"

"Alitolewa kidogo cha karamu kabla ya watu kula, na kidogo mwishoni."

"Na siku hizi anaabudiwa na nani?"

"Hakuna, Padri," Macaire alisema. "Isipokuwa sisi, Jumapili ya pili ya mwezi."

Padri Modestus akakichukua tena kikombe akainywa chai yote, taratibu, akitazama maegesho ya magari. Kisha akasema kwamba kutafsiri siyo dhambi. Kumwambia mwalimu wa kwaya ukweli na akasikia vibaya siyo dhambi. Kunyamaza miezi kumi na moja, hilo aliungame, na akamwondolea pale pale, karibu na mashine ya soda.

"Kanisani hautaimbwa tena," alisema. "Nje ya kanisa sina mamlaka juu ya jiko la mtu. Lakini kwaya utawaambia wewe mwenyewe, na siyo kwa WhatsApp." Aliposimama akaongeza, "Niliupenda sana. Hilo ni kosa langu, siyo lako."

Jumamosi mchana Macaire aliingia ukumbi wa parokia wakati wa mazoezi. Walikuwa kumi na sita. Alisimama mbele yao amevua kofia, akawaeleza kama alivyokuwa akieleza sarufi: kwanza Wagiriki ni akina nani, kisha miungu yao, kisha huyu mmoja. Alipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa Nderitu, Mkenya dereva wa malori, sauti ya nne.

"Ngoja kidogo, mzee. Unamaanisha tumekuwa tukiimbia jiko?"

"Moto wa jikoni. Ndiyo."

"Mwaka mzima?"

"Miezi kumi na moja."

Nderitu akakuna kidevu. "Na ile siku ya matanga?"

"Hata siku ile."

Flaviana alipita kwa kila mwimbaji akachukua karatasi ya wimbo mkononi mwake, moja baada ya moja, akazipanga zikae sawa, akazitia mkobani. Kisha akawaambia wafungue wimbo wa matoleo. Macaire akaondoka.

Wiki tano Flaviana hakumsalimu. Hakupitia tena kumchukua Concilie, ikabidi Macaire ampeleke mazoezini mwenyewe na kumsubiri garini. Watu wengine walilichukulia jambo hilo kila mtu kwa namna yake. Mama mmoja alipeleka rozari yake ibarikiwe upya. Nderitu alianza kumwita "mzee wa jiko", kwa heshima. Macaire aliacha kutafsiri. Kitabu kilikaa juu ya friji, kurasa chini, na mchana ghalani alikula chakula chake akitazama usukani. Kilichomuuma siyo kwamba wamekasirika. Aliona kwamba amemchukua mama aliyeomba kitu kimoja tu, aachwe akae nyumbani, akamtoa mbele za watu na kumvunjia heshima.

Jumapili ya kwanza ya Juni, baada ya chakula, mlango ukagongwa. Alikuwa Flaviana, amevaa bado sare ya kazini. Concilie akamkaribisha jikoni, akamwekea maji, akakumbuka ana nguo za kuanua.

"Nimekuja kugombana na wewe, mzee," Flaviana alisema akikaa.

"Karibu."

"Nimekuja na maneno yote. Nimeyapanga njiani kutoka Carrollton." Akanywa maji. "Unajua mimi sikumzika mama yangu? Alifariki mwaka 2016, karatasi zangu zilikuwa bado. Ningetoka nisingerudi. Nikazika kwa simu. Kaka ameshika simu juu, mimi naona miti tu, simwoni mama."

"Pole sana, dada."

"Mama alikuwa na jiko la nje, la mafiga. Alikuwa haliachi. Watu wakienda harusi yeye yupo, watu wakienda ziwani yeye yupo, ukirudi saa yoyote unakuta moto. Nilivyosoma ile karatasi kwenye friji lako nilimwona yeye. Sauti zote nne nimezitunga namwona yeye. Nikasema huyu ni Maria, maana kanisani nitamwimbia nani mwingine?" Akaisogeza glasi. "Kwa hiyo hata mimi nilidanganya. Padri nimeshamwambia."

Macaire akasema lililo kweli. "Ile sehemu ya kuota moto sote haimo kwenye Kigiriki. Niliweka mimi. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo."

Flaviana akamtazama, kisha akatazama friji, mahali sumaku ya pizza ilipokuwa imeshika tangazo la bima.

"Anaitwa nani, huyo wako wa Kigiriki?"

Macaire akamtajia. Flaviana akalirudia vibaya mara mbili, mara ya tatu sawasawa.

"Jina zuri," alisema. "Basi mimi sitaki sauti zangu zife. Nimezifanyia kazi mno. Nimempigia yule Émile, nikamwambia misa tutafungua kwa wimbo mwingine, lakini huu tutauimba ukumbini, kabla ya chakula. Akaniuliza utakuwa kwenye ratiba kama nini. Nikamwambia aandike: burudani."

Julai wakashuka Houston, magari manne, saa nne na nusu za barabara na joto la kuyeyusha lami. Misa ilifunguliwa kwa wimbo wa Zaburi usio na tatizo lolote. Adhuhuri watu zaidi ya mia tatu wakaingia ukumbini, wali na nyama vimefunikwa kwa karatasi ya fedha, na kwaya ya Haltom City ikasimama kando ya meza ya vyakula. Flaviana akainua mkono.

Walioujua wimbo waliitikia. Wasioujua waliacha kuongea. Uliimbwa vizuri kuliko ulivyopata kuimbwa kanisani, labda kwa sababu hakuna aliyekuwa na wasiwasi nao, labda kwa sababu wote walikuwa na njaa. Walipofika "sogea, tukae nawe", mama waliokuwa wakigawa chakula walikuwa wakiimba nao, miiko mikononi.

Kisha Émile akampa Macaire kipaza sauti na dakika tano za kueleza wimbo umetoka wapi. Macaire alikuwa hajasimama mbele ya darasa kwa miaka ishirini na sita. Alianza na Wagiriki. Dakika ya nne alikuwa bado kwenye Wagiriki. Mzee mmoja wa Kirundi, Audace, aliyekuja kutoka upande wa pili wa Houston akiwa na fimbo na suti ya pamba nzito, akainua mkono.

"Hao miungu," aliuliza, "walikuwa na ng'ombe?"

Macaire akasema ndiyo, walikuwa nao, na liko shairi refu la mungu mmoja aliyewaiba ng'ombe hamsini wa kaka yake siku ile ile aliyozaliwa, akawaswaga kinyumenyume ili nyayo zidanganye, akarudi kulala kitandani kama mtoto asiyejua kitu.

Meza zote za Warundi zikageuza viti. Mama mmoja aliuliza ng'ombe walikuwa wa rangi gani. Mwingine akataka kujua kama ndama walichukuliwa pamoja na mama zao au waliachwa zizini, kwa maana hizo ni kesi mbili. Macaire akaeleza kwamba kaka mtu alimpeleka mwizi kwa baba yao, baba akacheka, akawapatanisha, na mwizi akampa kaka yake zeze alilolitengeneza kwa gamba la kobe.

"Zeze," alisema mzee Audace. "Kwa ng'ombe hamsini."

"Wengine walirudishwa."

"Wengine wangapi?"

"Wawili alikuwa ameshawachinja."

Ukumbi ukawaka. Mzee Audace akasimama kwa msaada wa fimbo akasema kwamba hakimu akiwa baba wa mshitaki na baba wa mshitakiwa hiyo siyo mahakama, hiyo ni familia, na kwamba kwao Ruyigi kesi ya namna hii ingechukua miaka. Mtanzania mmoja wa meza ya pembeni akauliza kwa upole kama wanaweza kula kwanza. Akaambiwa asubiri. Émile aligonga glasi kwa kijiko, akagonga tena, kisha akakaa na kufuta kitu kwenye ratiba.

Walikula wali uliopoa. Macaire alipewa sahani na Concilie, aliyemwambia kwamba amezungumza dakika arobaini na kwamba shati lake limetoka nje ya suruali. Hakuwa amemaliza hata tonge la tatu mzee Audace alipofika akiburuta kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele yake goti kwa goti, akakaa.

"Hicho kitabu unacho?"

"Kipo kwenye gari, mzee. Lakini hilo la ng'ombe nimetafsiri nusu tu."

"Nusu ipi?"

"Ya wizi."

"Basi kalete," alisema mzee Audace. "Ya hukumu nimeshaikataa."

Macaire akaweka sahani chini, akachukua ufunguo wa gari, akatoka kwenye joto.